Mpiga Picha wa Kagio

Mchumba wangu alizunguka studio zote za mjini Nyeri, akarudi amekata tamaa. Mshahara wake wa mwalimu wa shule ya msingi haukutosha. Mwishowe akamkodi mzee mmoja wa Kagio aliyepiga watu picha siku za soko, ambaye alitaka tu nauli, chakula na bei ya filamu.

Asubuhi ya harusi sikutulia. Nilikuwa nyumbani kwetu Othaya, gauni la kuazima limenibana kwapani, na kila gari lilipopanda kilima nilikimbilia dirishani. Shangazi alinikalisha, nikainuka tena. Mpiga picha alipotokea langoni, suruali imejaa matope na kamera ameifunga kwa nailoni, nilishusha pumzi. Lakini mama, aliyekuwa akinifunga shela, alimtazama, akaiachia, akaenda jikoni.

Nilimfuata. Alikuwa akichochea moto usio na sufuria. Akaniambia kwamba wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipotufungia kijijini, mtu huyu alikuja na askari kupiga watu picha za pasi, vile vitambulisho vya lazima. Mama alikuwa amenibeba mgongoni. Askari walimwamuru avue kitambaa cha kichwa mbele ya wanaume, na alipojaribu kujifunika wakampiga mkono.

"Sitakaa mbele yake tena," alisema. "Wewe kaa. Ni siku yako."

Nje magari yalikuwa yakipiga honi. Nilitaka kumfukuza yule mzee, na nilijua hatungempata mwingine. Nikamvuta kando nikamweleza. Hakukana. Alisema alikuwa kijana wa kubonyeza kamera tu, na hata yeye aliwaogopa askari. Kisha akavua kofia, akaenda mpaka mlango wa jikoni, asiingie.

"Mama, sura yako siikumbuki," alisema. "Mlikuwa wengi. Lakini hicho kitendo nakikumbuka, na nilinyamaza."

Mama alichochea moto kwanza. "Na leo, ni nani ataniambia nikae vipi?"

"Ni wewe, mama."

Tukaondoka kwenda kanisani.

Ibada nzima shingo yangu ilikuwa imegeukia viti vya nyuma, hadi padri akakohoa. Mama alikuwepo, lakini uso wake haukunieleza kitu. Tulipotoka na kupangwa kwenye nyasi, hakuwa kwenye mstari. Mpiga picha aliniuliza kama aanze. Nikamwambia angoje, ingawa matone yalikuwa yameanza kudondoka na wageni walikuwa wakinung'unika.

Ndipo mama akaja. Alimwinua shangazi kwenye kiti, akakifunga upya kitambaa chake cha kichwa hadi karibu na nyusi, akakaa. Kisha akakisogeza kiti. Akamhamisha mume wangu upande wa pili, akanirudisha mimi karibu yake. Mzee alingoja, maji yakimtiririka kwenye kola. Mwishowe mama akaitikia kwa kichwa.

Picha nyingi zilitoka na giza. Ile aliyokaa mama ilitoka safi, na mama akaitundika sebuleni kwake. Nikadhani mambo yamekwisha.

Miaka michache baadaye mdogo wangu alipochumbiwa, nilipendekeza tumwite tena yule wa Kagio, maana bei yake tuliiweza. Mama alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Hapana," alisema. "Mtafute mwingine."