Siku Sita Mezani kwa Mama Gerda, Msangano

Kilichonitoa nyumbani ni chakula cha watu wengine. Miaka ya tisini ikielekea mwisho, usharika wetu wa Tunduma ulialikwa kupeleka mtu mmoja Ujerumani, akae wiki sita katika nyumba za waumini wenzetu, bila mkalimani. Jina langu likatajwa, kwa kuwa nilikuwa nimejifundisha Kijerumani kidogo kitabuni. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, na mbali kabisa nilikowahi kufika ni Nakonde, ng'ambo ya geti la mpakani, kununua sukari. Nilitaka sana kwenda. Lakini kamati ya usharika iliweka sharti: kwanza nikae kwa Mama Gerda, mkunga mstaafu Mjerumani aishiye Msangano, naye aandike barua kusema kama ninafaa.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori lililokuwa likifuata mpunga bondeni, Msangano. Nilibeba daftari jipya na nusu gunia la viazi mviringo, maana huko chini joto haliviachi vistawi. Baada ya kupita kijiji cha Chitete, mara mbili tulishuka kupanga mawe mbele ya tairi ili lori lisiteleze mteremkoni.

Saa kumi jioni tulifika. Mama Gerda alinipokea amejifunga kanga kiunoni, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi cha kunitia aibu.

"Karibu, mwalimu. Kuanzia kesho, mezani ni Kijerumani tu."

Jioni hiyo alinipa vipande viwili vya mkate, siagi na nyanya. Nilikula upesi nikisubiri chakula chenyewe. Hakikuja. Nikasikia akiosha visu. Nieleze hapa: Wajerumani wa rika lake hula cha moto mchana, nacho hukiita Mittagessen. Jioni ni Abendbrot, yaani mkate wa jioni, na kweli ni mkate. Usiuache mchana ukupite ukidhani ugali wa jioni utakuokoa.

Jumanne, saa tano na nusu, aliniuliza kutoka jikoni: "Wie viele Kartoffeln?" Viazi vingapi? Nilidhani sikuelewa. Kwetu Wanyamwanga mgeni hahesabiwi chakula. Kumuuliza ni kumwambia kuwa hakitoshi. Kwa aibu nikajibu "zwei", viwili. Saa sita kamili sahani yangu ilikuwa na viazi viwili. Vidogo. Akanisogezea bakuli la maharage. "Nein, danke," nikasema, hapana, asante, kama mama alivyonilea: kataa kwanza, subiri ubembelezwe. Akaliondoa bakuli. Ndugu msomaji, nililisindikiza kwa macho mpaka jikoni.

Jumatano nilibakiza tonge moja la wali ili aone nimeshiba. Aliitazama sahani kwa huzuni. "Hukukipenda?" akauliza kwa Kijerumani. Nikaandika daftarini: kukataa ni kukataa kweli? Kubakiza ni tusi? Nikaweka alama za kuuliza mpaka mwisho wa mstari.

Alhamisi asubuhi alikuja Mama Nshoma, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, akileta maziwa. Alinikuta uani peke yangu.

"We mwalimu, mbona macho yameingia ndani? Mzungu anakufunza au anakufungisha?"

"Sijui, mama. Nikisema hapana, anaondoa."

Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Sasa ulitaka afanye nini? Umesema hapana! Yule akiuliza, anauliza kweli. Mimi miezi mitatu nilikuwa namwambia nimeshiba, nikifika kwangu nakomba sufuria."

"Na siku hizi?"

"Namwambia vitano. Vikiisha naomba kingine. Hajanuna hata siku moja."

Mchana huo nilisema "fünf", vitano, kwa sauti ndogo kama ya mwizi. Akaviweka bila hata kunitazama. Nikadhani sasa nimeujua mlango. Kwa hiyo Ijumaa nikasema ndiyo kwa kila kitu: viazi, kabichi, maharage, uji mtamu wa kumalizia mlo. Nilipofika hapo nilikuwa napumua kwa shida.

Mama Gerda akaweka kijiko chini, akavunja sheria yake mwenyewe na kusema Kiswahili. "Kwa nini unakula usichokitaka?"

"Sijui."

"Mwalimu, mimi siwezi kuona ndani ya tumbo lako. Niambie."

Nilijua maneno mengi kuliko Jumanne, na nilielewa machache.

Jumamosi lori lilipopiga honi, alinikabidhi bahasha iliyofungwa kwa gundi. "Nimeandika kwa Kijerumani. Utawasomea wewe."

Jumapili baada ya ibada, kamati ilikaa ofisini kwa mchungaji. Mzee Simbeye, mwenyekiti, alichana bahasha, akaigeuza barua juu chini, akanipa. Hapakuwa na mwingine aliyejua hata neno moja. Niliisoma kimya, kidole kikifuata mistari. Chochote ambacho ningetamka, wangekiamini.

"Soma, mwanangu, tupige vigelegele," akasema Mama Nakamba wa idara ya wanawake.

"Anasema noch nicht. Bado." Nikasogeza kidole mstari wa chini. "Anasema najifunza vizuri, lakini nikiachwa peke yangu kwa wageni nitakaa na njaa na sitamwambia mtu. Anaomba nirudi kwake mwezi mzima."

"Una hakika umeisoma sawasawa?" akauliza Mzee Simbeye.

"Maneno mawili siyajui. Hilo la bado nalijua."

"Ungeweza kutudanganya."

"Ningeweza, mzee."

"Haya. Unataka tumpeleke mwingine?"

Jibu la adabu lilikuwa tayari kinywani: mtakavyoona ninyi wazee. Nikalimeza.

"Hapana. Nataka kwenda mimi. Nirudisheni Msangano kwanza."

Mama Nakamba alishika kinywa. Hiyo ndiyo elimu niliyorudi nayo: kwamba swali laweza kuwa swali tu, na anayeuliza anangoja jibu. Hata nilipokuwa nimesimama pale sikujua kama nimejifunza adabu mpya au nimepoteza ile ya zamani. Mzee Simbeye alikohoa, akawatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akaniuliza lori la Msangano linaondoka siku gani.