Nilichokitoa Nilipomtafsiria Mama

Majira yale ya baridi ya mwaka 2021, serikali ilipotufungia ndani kwa ajili ya korona, sisi wa magharibi ya Sydney kuliko ilivyowafungia wengine, niliamka na hasira kila siku. Nilivaa barakoa, nikapanda treni Doonside, nikashuka Seven Hills, nikapakua maboksi ya sabuni na chakula cha paka zamu nzima, nikarudi nyumbani na hasira yangu ileile. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu. Kwenye taarifa ya habari walituonyesha watu wa upande wa baharini wakiota jua ufukweni na mbwa wao. Sisi tuliobeba maboksi ili wao wapate sabuni ndio tuliotakiwa kutembea na barua ya ruhusa mfukoni.

Lakini hasira hiyo niligawana na nusu ya mtaa. Ninayotaka kuisimulia ilikuwa yangu peke yangu, na ilihusu mkate wa mama yangu.

Mama ni mjane kutoka Uvira. Baba alichukuliwa na watu wenye bunduki nikiwa na miaka sita, na hatukupata mwili wala habari. Tulivuka ziwa tukaishia kambini huko Kigoma, na ndiko nilikosomea Kiswahili hiki ninachoandikia. Mama alibaki na cha kwao Uvira. Miaka minne mama alimuuliza kila mgeni aliyeshuka kwenye lori la kambini kama amemwona mwanamume mrefu mwenye kovu kidevuni. Hakulala vizuri, hakula vizuri, na pumu ikambana. Kisha siku moja, akiwa amelala mgonjwa kwenye mkeka, alimwona baba amesimama mlangoni. Mwanga ulikuwa nyuma yake na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Akamwambia aache kuuliza. Mama akaacha. Tangu siku hiyo akawa anakula, anacheka, na anatuchapa tukikosa, kama mama wa watu wengine. Wachungaji wawili pale kambini walimwambia aliyemwona ni pepo, wakamwekea mikono kichwani wakikemea mpaka akachoka.

Tulipokuwa tumeshahamia Doonside, vijana wawili wa Kimormoni wenye mashati meupe waligonga mlango wakisema wanafundisha Kiingereza bure. Walirudi, wakarudi tena, na Kiingereza kikageuka kuwa dini. Walipofika kwenye habari za nabii wao wa kwanza, kijana wa shambani huko Marekani aliyekwenda kuomba msituni akaona nguzo ya mwanga, mama aliwasimamisha. Akawaeleza habari za baba na lile shati, na mimi nikatafsiri. Mmoja wao alilia. Hakuna aliyetaja pepo. Miezi miwili baadaye mama alibatizwa kwa kuzamishwa majini akiwa na gauni jeupe, na mimi pia, kwa sababu sikutaka aingie majini peke yake. Wakanipa na ukuhani, maana kwao makuhani ni wanaume wa kawaida tu, madereva na wapakuaji kama mimi.

Nilidumu miaka mitatu. Halafu nikaacha kimyakimya, nikarudia kahawa, ambayo wao wanaikataza pamoja na chai, na mama akajifanya hasikii harufu yake.

Sasa lazima nieleze mambo ya mkate. Kila Jumapili Wamormoni hula kipande cha mkate na kunywa maji kidogo, na lazima kuhani avibariki kwa kusoma maneno yaliyopangwa. Maneno hayo hayapunguzwi. Ukiruka hata moja, unaambiwa uanze upya, mbele ya watu wote, mpaka uyafikishe. Makanisa yalipofungwa wakaambiwa kila familia ifanye hivyo nyumbani. Nyumba yenye mwanaume mwenye ukuhani haikuwa na shida. Nyumba ya mjane anayeishi peke yake ilibidi ingoje, kwa sababu mwanamke haruhusiwi kubariki, na mwanaume wa nje haruhusiwi na serikali kuingia. Wajane wa kanisani kwa mama, wakimbizi waliokuwa wamewabeba watoto mgongoni kuvuka misitu, walifuata ibada kwenye simu zao wakiwatazama wengine wakitafuna.

Mama yangu hakuwa miongoni mwao. Alikuwa na mwanaume mwenye ukuhani ndani ya nyumba, naye ni mimi. Na mimi nikakataa.

Nilimwambia siamini, na kwamba kusoma maneno yale bila kuamini ni kusema uongo mbele ya Mungu. Akaniambia hakuna aliyeniomba niamini, ameniomba nisome. Nikamwambia mimi si mwongo. Nilijisikia mtu mwenye msimamo. Yeye hakubishana. Kila Jumapili alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka sahani yenye kipande cha mkate na kikombe kidogo cha maji, akafungua mkutano kwenye simu, akakaa kitako na sketi yake ya kanisani. Mkutano ukiisha aliyamwaga maji, akaurudisha mkate kwenye mfuko wake. Mimi nilikuwa jikoni nikigongagonga vyombo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira na ile sheria. Nilimwambia abariki mwenyewe. Nilimwambia amezaa watoto sita, amezika wawili, amevuka ziwa kwa mtumbwi, eti ashindwe kuombea mkate wa kununua dukani. Alinijibu kwamba haiko hivyo, akaendelea kukunja kitambaa. Nikaikasirikia sheria, na kwa kuwa sheria haikuwepo pale mezani, nikamkasirikia yeye.

Kila Jumamosi mchana askofu wa kanisa lake, Mwaustralia mstaarabu mwenye sauti ya upole, alipiga simu kuwajulia hali wazee. Mimi ndiye niliyetafsiri. Kila mara aliuliza kama nyumbani mambo ya Jumapili yanakwenda sawa, na kila mara mama alijibu kwamba tuko vizuri, kwa kuwa hakutaka nionekane vibaya. Nami nilitafsiri kwamba tuko vizuri.

Wiki ya sita ya kufungiwa ndipo nilipokutana na ile makala mtandaoni. Mwandishi wake alidai kwamba maono ya Wamormoni wa mwanzo huenda yalitokana na mimea. Kulikuwa na uyoga wa kulevya akili, na kulikuwa na mmea wa porini wenye maua meupe marefu na tunda lenye miiba. Alisema huenda kitu kilitiwa kwenye divai ya ibada, kwamba huenda ndiyo maana watu wengi waliona malaika katika mkutano mmoja, na kwamba baada ya nabii wao kufa maono hayo yalipungua. Huenda. Makala ile ilijaa huenda kuanzia juu hadi chini, na mwandishi mwenyewe alikiri kwamba hana ushahidi wa moja kwa moja.

Niliisoma ndani ya treni, nikafurahi ile furaha mbaya ya mtu aliyepata fimbo. Watu wanaomnyima mama yangu kikombe cha chai, kumbe wenyewe walianza na uyoga!

Jumapili ile, mama alipokuwa akiurudisha mkate kwenye mfuko, nilikaa mbele yake nikamtafsiria makala yote. Nilisoma haraka, kwa sauti ya juu. Na kila nilipokutana na huenda niliitoa. Sikuipitia kwa bahati mbaya. Niliiona, nikaiacha, nikasema walikunywa, waliona, walidanganyika. Mtu aliyekuwa amekataa majuma sita kusoma sala kwa sababu yeye si mwongo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Banajua, ao banadhania tu?"

"Wanajua," nikasema.

Akaniomba nimweleze ule mmea wenye miiba. Nikampa simu aone picha. Aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akaniwekea simu mezani.

"Hii mi nilikunywaka," alisema. "Kule ku kambi. Mama wa jirani alinipikia majani yake juu ya pumu."

Nilimuuliza lini, ingawa nilishajua.

"Siku ile baba yako alikuja. Weye unafikiri sikujua nilikunywa nini? Niliona nyoka ku ukuta. Niliona ng'ombe anakaa juu ya mukeka, ananiangalia. Na niliona baba yako. Asubui ile nyoka na ng'ombe nikabiacha. Baba yako nikabakia naye."

Hakulia. Aliinuka akaenda kutoa nguo kwenye mashine. Mimi nilibaki pale mezani nikiwa na aibu iliyonifanya nisikie joto masikioni. Miaka yote nilidhani mama anaamini kwa sababu hajui. Nilikuwa nimemletea siri ambayo yeye alikuwa ameibeba tangu mimi nikiwa na miaka kumi. Na alikuwa ameibeba peke yake, kwani angewaambia wale wachungaji kuhusu majani wangepata neno lingine la kumkemea nalo, na angewaambia wale vijana wa mashati meupe labda yule mmoja aliyelia asingelia. Alikuwa amechagua kilicho chake kati ya vyote alivyoviona, akaishi nacho, akatulea nacho. Nilijikasirikia mpaka nikashindwa kula.

Siku tatu nilizunguka na jambo hilo ghalani. Nilikosea kupanga maboksi mara mbili, nikafokewa na msimamizi, nikamfokea na mimi, nikapewa onyo la maandishi. Jumatano alasiri, baada ya zamu, nilimkuta mama akichambua mchele. Nikamwambia kwamba nilimdanganya, kwamba hakuna anayejua, kwamba mwandishi alisema huenda kila mahali na mimi niliitoa makusudi ili imuume.

Hakuacha kuchambua. Aliniambia alishaelewa tangu Jumapili, kwa sababu mtu mwenye hakika hana haja ya kupiga kelele.

Ndipo nikamwambia kwamba Jumapili ijayo nitambarikia mkate. Nilisema sitajali ninaamini au siamini, nitayasoma yale maneno jinsi yalivyo, kwa ajili yake. Nilitegemea atafurahi. Kusema kweli nilitegemea atanishukuru.

"Hapana, baba," alisema. Huniita hivyo anapokuwa mpole, kwa kuwa nimerithi jina la babake. "Maneno ya pale haitakiwe kupunguka hata moja. Na weye unapunguzaka."

Nilibishana, nikapandisha sauti. Nilimwambia nimeshaomba msamaha, anataka nini tena, nipige magoti? Akasema amenisamehe, na kwamba kusamehe ni kitu kimoja na mkate ni kitu kingine. Nikatoka nje nikaubamiza mlango nyuma yangu. Nilizunguka mtaa mara nne na barakoa yangu, ndani ya zile kilomita tano walizoturuhusu, nikiwa na hasira na kila mtu niliyempita, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuwa na kosa.

Jumamosi askofu akapiga simu kama kawaida. Niliweka spika, nikaiweka simu mezani kati yetu. Aliuliza kuhusu pumu ya mama, kuhusu chanjo, kuhusu chakula. Nilitafsiri huku na kule. Kisha akauliza, kwa sauti yake ileile ya upole, kama Jumapili mama anapata mkate na maji, na kama kuna mwanaume nyumbani wa kumbarikia.

Nilimtafsiria swali. Nilingoja aseme tuko vizuri.

Mama alinitazama usoni, hakugeuza macho.

"Umwambie hapa kwangu hakuna mwanaume," alisema. "Umwambie niko peke yangu."

Askofu alikuwa anasubiri. Nilifungua mdomo nikautafsiri ujumbe ule kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno, bila kutoa hata moja.