Kikaango cha Baba

Nyumba yetu ya utotoni, kule juu ya Karatu karibu na ukingo wa msitu, ilikuwa na harufu moja iliyoruhusiwa kukaa ndani, nayo ni moshi wa mzeituni pori. Kila jioni mama alichoma fimbo ya mti huo mpaka ncha ikawa kaa, akasugulia nayo tumbo la kibuyu, ndipo akamimina maziwa. Alikuwa Mmasai wa Nainokanoka aliyeolewa na mkulima Mwiraqw, na alikuwa amekubali mengi ya huku kwetu: jembe, ugali, kwaya ya kanisani. Samaki hakumkubali. Kwao samaki si chakula, ni ndugu yake nyoka. Baba naye alimpenda samaki kuliko nyama, kwa hiyo kikaango chake kilining'inia nje kwenye mbuni, mti wetu wa kahawa, jua na mvua vyake, na alipokula alikula huko huko amesimama, huku mama akimcheka kutoka dirishani.

Uvuvi baba aliufundishwa kwenye shamba la kahawa alikofanya kibarua. Mwenye shamba, mzungu mzee, alikuwa amepandikiza trauti, samaki wa maji ya baridi, katika mto unaoshuka kutoka msituni, na alimruhusu baba kuvua. Baba hakutumia chambo cha mnyoo. Alichuma manyoya ya shingo ya jogoo wetu, akayafunga kwenye ndoana ndogo kwa uzi wa cherehani mpaka ikafanana na nzi, kisha akaurusha mshipi mbele na nyuma hewani mpaka yule nzi wa uongo akatua juu ya maji. Jogoo alitembea shingo wazi, majirani wakadhani anaumwa. "Baba Neema," mama alikuwa akimtania, "hao nzi unawafukuza au unawaita?" Neema ndiye mimi.

Nilipokuwa darasa la tatu mama alijifungua mtoto wa kiume, naye mtoto akafariki kabla hajapewa jina. Tangu hapo mama akazimika. Hakulia, na mimi nilitamani alie. Bibi alishuka kutoka Nainokanoka na supu ya mbuzi iliyochemshwa na mizizi, wanawake wa kanisani wakaleta uji, vyote vikapoa mbele yake vikarudishwa jikoni. Alilamba maziwa kidogo tu, tena kwa kubembelezwa, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana chini ya shuka. Kazi pekee aliyoendelea nayo ilikuwa kufukiza kibuyu. Baba alihangaika kila upande, na mfa maji hukamata maji. Jumapili moja baada ya ibada alichuchumaa mbele yake akamwambia, "Mama Neema, twende mtoni. Huna haja ya kufanya kitu. Ukae tu unione." Mama alisimama, akajitanda shuka lake, akatangulia mlangoni.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, na mto ulinukia mawe na majani yaliyooza. Mama alikaa kwenye jiwe akimtazama baba akirusha mshipi. Baadaye baba alimwita, akampa ufito wa kuvulia, akasimama nyuma yake akimshika viganja ili amwonyeshe. Sikuwahi kuwaona wameshikana hivyo mchana kweupe, nikaona haya nikatazama pembeni. Trauti alipokamata, walimvuta pamoja. Mama alimtazama akitweta kwenye nyasi, akasema polepole, "Anatafuta hewa, na hewa imemzunguka." Baba alichosikia ni kwamba mkewe hatimaye amesema. Akawasha moto haraka, akakaanga, akanipa kipande changu, kisha kwa mazoea akampa mama mgongo ili asimkere. Mama akanyoosha mkono. "Nipe na mimi." Alikula bila chumvi, bila kukunja uso, mpaka mifupa ikabaki myeupe. Baba alicheka huku machozi yakimtoka. Tukirudi nyumbani aliimba njia nzima, na mama ndiye aliyebeba kikaango. Alipofika mlangoni hakukitundika kwenye mbuni.

"Kiingie ndani kabisa, Mama Neema?" baba aliuliza.

"Kiingie tu."

Akakitundika ukutani kando ya kibuyu. Baba akanikonyeza.

Jioni hiyo nilisubiri moshi wa mzeituni. Mama alimimina maziwa kwenye kibuyu kisichofukizwa, akaenda kulala. Asubuhi yalikuwa yameharibika, na fimbo yake haikuguswa tena. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na baba aliyaona mawingu akatayarisha shamba. Mimi, ingawa nilikuwa mtoto, niliiangalia tu ile fimbo. Aliyekata tamaa hana mwiko. Mama hakula samaki kwa kuwa amerudi kwetu; alikula kwa kuwa hakikubaki kitu alichokuwa akikilinda. Masika yalipoanza tulimzika. Daktari alitaja upungufu wa damu, nami simbishii.

Sasa nimempita mama umri. Mto ule umekuwa mfereji mwembamba, pampu za mashamba zinaunywa pande zote mbili, na trauti nimewatafuta mpaka juu msituni nisiwaone. Barabarani magari ya watalii yanapanda kwenda kreta kuona wanyama, na harufu inayoingia nyumbani siku hizi ni ya vumbi na dizeli. Kibuyu kilipasuka zamani. Kikaango bado kiko ukutani. Baba amezeeka, lakini bado anafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana kwa ajili ya mto usio na samaki, na kila mgeni anayeingia anasimuliwa Jumapili ile kuwa ndiyo siku njema kuliko zote alizoishi. Nimewahi kufungua kinywa nimweleze nilichokielewa, nikashindwa, kwa sababu hana kingine. Akifika mwisho wa hadithi hunigeukia mimi, shahidi wake.

"Alikula, Neema. Si ulimwona?"

"Nilimwona, baba. Alikula akamaliza."