Maombi ya Orpha Juu ya Mwamba

Orpha alizaliwa Uvira, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kwake maji yalikuwa na sheria moja tu: yakiwa mengi yanaua, yakipungua watu wanapona. Aliondoka na sheria hiyo mpaka Johannesburg, akafungua duka la kushona mtaa wa Kensington, akamzaa Victoire. Na Victoire, badala ya kupenda vitambaa, akapenda kusimama juu ya ubao na kupanda mawimbi!

Asubuhi moja Victoire alikuwa Msumbiji, mara yake ya kwanza kwenye mwamba wa matumbawe. Mawimbi ya Durban aliyoyazoea huvunjika juu ya mchanga. Haya huvunjika juu ya mawe yenye makali ya chupa. Orpha alikuwa amemshonea shati la mikono mirefu, mgongoni kitambaa maradufu, lakini moyo haukutulia. Akachukua simu, akatuma sauti kwenye kundi la wamama wa kanisa.

"Wapendwa, mtoto yuko baharini. Tuombe maji yapungue."

Wamama wakaanza, kuanzia Kensington hadi Midrand.

Chiku, jirani mzaliwa wa Mtwara, alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Victoire, umeomba nini?"

"Maji yashuke. Akianguka, miguu ifike chini."

"Ifike chini wapi, dada? Maji yakipwa ule mwamba unatoka nje kama meno. Mtoto atachunwa kama samaki!"

Mkasi ukamtoka Orpha mkononi. Hapo ndipo yakamrudia maneno ya Victoire siku ile ya kupima shati: mama, nataka wimbi lililotoka mbali, upepo mdogo wa kutoka nchi kavu ulishikilie lisianguke mapema, na maji ya kutosha kufunika mawe. Yeye alikuwa na pini mdomoni, akaitikia mmh, mmh.

Kurudi nyuma mbele za watu kwake ni kama kumeza mfupa. Akaumeza.

"Wapendwa, tugeuze. Maji yapande."

Jibu la Mama Thérèse, kiongozi wa kundi, likaja haraka: "Orpha, tumeacha chai kwa ajili ya kushuka, sasa unataka kupanda? Mungu atatuona watoto!"

"Ombeni, mama. Nitawaeleza."

Akapiga magoti katikati ya vipande vya kitenge. "Bwana, ile sala ya kwanza iache. Sikuijua bahari yako." Chiku naye akainamisha kichwa, Mwislamu mzima, akasema amina.

Cherehani ilikaa kimya mpaka simu ilipolia.

"Mama! Eish, ungeona! Tulifika maji yamekauka, mawe yote nje, tukakaa mchangani kusubiri. Yakajaa, upepo ukageuka, wimbi likasimama kama ukuta wa kioo. Nimepanda mpaka mikono imechoka."

"Hukuanguka?"

"Nilianguka. Mwamba ukanigusa mgongo kidogo tu, ukakwaruza shati."

"Na mshono?"

"Umeshika, mama. Ngozi haina hata alama."

Orpha akakaa chini sakafuni, pumzi ikamtoka ndefu, machozi na kicheko kwa pamoja.

"Mliniombea?" Victoire akauliza.

"Tulikuombea maji yajae," akasema Orpha, shingo imenyooka. "Wamama wote."

Chiku akajiziba mdomo kwa gauni lake jipya.