Ubao Haujui Lolote

Jirani yangu wa chumba cha pili alipiga hodi saa nne asubuhi, nikaruka kumfungulia. Miezi minne tangu nihamie nyumba ile ya Temeke, hakuna aliyewahi kupiga hodi mlangoni pangu. Nikamwamkia, nikamvutia kigoda, nikabandika chai. Ndipo nikaona ana kuku mweupe chini ya kanga.

Chai hakuitaka. Alitaka niuulize ubao wangu mumewe analala wapi siku hizi.

"Ubao gani, mama?"

"Huo unaousemesha. Usinifiche, mwanangu, sie tunakusikia."

Kazi yangu ilikuwa kuunda magitaa. Baba, seremala wa misheni huko bara, alinifundisha nilipomaliza shule. Mume wangu, karani, alipohamishiwa Kigoma, tulibaki mie na mtoto na zana za baba, nikawaundia watu wa vilabu vya dansi. Sasa, ubao wa uso wa gitaa hupunguzwa unene kwa kigae cha chupa, pole pole, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Jicho halikuambii umefika. Unaushika kwa vidole viwili, unaugonga kwa kifundo, unatega sikio. Ukiwa mnene unajibu kama mlango. Unakwangua, unagonga tena. Ukipitiliza, sauti inalegea na kazi ya wiki nzima imeharibika. Na kwa kuwa sikuwa na mtu mzima wa kuzungumza naye kutwa, ni kweli, nilikuwa nauambia: "Bado. Bado kidogo."

Nao huko ukumbini walisikia ko, ko, kimya, halafu mwanamke ananong'ona peke yake. Wakajua wanachojua. Mie hawakuniambia neno. Ila mwanangu wa miaka mitatu akitoka kucheza uani na mpira wake wa matambara, watoto wote waliitwa ndani. Alikuwa akirudi ananiambia, "Mama, wamelala." Saa nne asubuhi, wamelala! Nilidhani ni kwa sababu sisi ni Wakristo, watu wa kuja, nikajisemea watatuzoea.

"Kuku unaniletea," nilimwambia yule mama, "na mjukuu wako unamficha asicheze na mwanangu?"

Hakuona haya. "Kila jambo na mahali pake. Kwa mganga hatwendi na watoto."

Hapo uvumilivu uliniishia. Nikamsukumia ubao mikononi, nikamwambia agonge mwenyewe. Alitoka mbio akamwacha kuku. Nikambeba mtoto mgongoni, kuku kwapani, nikaenda kwa jumbe wa mtaa. Karani wake akauliza nimeibiwa nini. Sikuibiwa kitu, nikamwambia, wewe andika. Akauliza kama kuku ni kidhibiti. Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika mwenyewe:

"Mimi, mpangaji wa chumba cha uani, nalalamika kwamba wenzangu wa nyumba wamenifanya mganga bila kuniuliza. Mimi ni fundi magitaa. Ubao wangu haujui mume wa mtu analala wapi. Wa kwangu yuko Kigoma, na haujapata kuniambia kama atarudi. Kuku namrudisha. Naomba Jumbe aje mchana, augonge ubao huo kwa mkono wake mbele ya wapangaji wote, kisha awaamuru wasiwaite watoto wao ndani mwanangu anapotoka kucheza."