Siku Nilipotafsiri Jina la Baba

Miaka ile ya soko huria, wafadhili wa nje walikuwa wakilipia mradi wa msaada wa sheria kwetu Tukuyu. Walikodi chumba mtaani Bulyaga, na mara kwa mara wakili alikuja kutoka Dar es Salaam kuwasikiliza wasio na uwezo, bila malipo. Hakujua Kinyakyusa, na wazee wengi waliofika hawakuwa na Kiswahili cha kutosha. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaombwa kutafsiri.

Siku moja alikuwepo mgeni, mama wa Kizungu aliyetumwa na wafadhili kuiona kazi hiyo. Nikitafsiri kwa Kiswahili, wakili alimweleza kwa Kiingereza.

Aliingia mjane kutoka Masukulu. Alieleza kwamba mumewe alipokufa, mtu mmoja wa mjini alidai kuwa marehemu alikuwa amemuuzia shamba lao. Akaleta vibarua, wakang'oa kahawa na kubomoa jiko, yeye akiwa amesimama pale pale na wanawe.

"Muulize ni nani," wakili akasema.

Nikamuuliza. Akataja jina la baba yangu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na shamba hilo alituambia alilinunua kwa halali. Wakili na mgeni walikuwa wananitazama, wakisubiri.

"Mama," nikamwambia kwa Kinyakyusa, "huyo ni baba yangu."

Akauliza, "Sasa utawaambia niliyosema, au utawaambia yako?"

Nikalitaja jina, nikawaambia pia kuwa ni baba yangu. Wakili akaliandika. Akamgeukia mgeni, nami nikalisikia jina la baba likitamkwa tena katikati ya Kiingereza. Mgeni akaweka kalamu chini.

Jioni nilimkuta baba sebuleni, nikamuuliza kama ni kweli.

"Lile shamba lilikuwa limekaa tu," alisema kwa upole. "Mwanamke peke yake angelifanyia nini?"

"Kwa hiyo mumewe hakukuuzia?"

"Chai yako inapoa."

Nilitegemea akasirike, au akane. Upole ule ndio ulionitoa nje, nikaiacha chai mezani.

Kesi ilipofika mahakamani, alitafsiri mtu mwingine. Wakili alimtetea mjane hadi mwisho, na mama huyo akarudishiwa shamba lake. Baba aliitii amri. Nilimtunza mpaka uzee wake, nikampikia na kumfulia, ila tangu siku ile sikumwomba tena ushauri.