Nilichosikia Karakana ya Umeme

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Zamu alinisimamisha mlangoni mwa jumba la kufuma, akanitilia vipande viwili vya pamba mkononi, akasema, "Weka masikioni. Ukishaingia humo, mimi na wewe hatutaongea tena mpaka saa nane." Nilidhani ananitania. Alipofungua mlango, kelele ilinipiga kifuani kwanza, ndipo ikafika masikioni.

Kiwanda chetu kilikuwa Eneo la Viwanda hapa Thika. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Kalimoni asubuhi hiyo nikiwa nimevaa sketi ya dada yangu. Ninyi mnaonunua nguo zikiwa zimekwisha kushonwa huenda hamjui kitambaa kinavyozaliwa, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Nyuzi zinazonyooka kutoka nyuma ya mtambo kuja mbele huitwa mtande. Uzi unaopita kati yake, kushoto kwenda kulia, ni mshindio. Wakati wetu mshindio ulibebwa na shato, kipande cha mbao ngumu chenye ncha mbili za chuma, na kila shato lilipogongwa kwenda upande wa pili lililia kama mlango unaobamizwa. Sasa fikiria jumba zima la milango inayobamizwa mara tatu kila sekunde, kutwa.

Humo ndani hatukuongea kwa mdomo. Kusugua kidole gumba na cha shahada kulimaanisha uzi umekatika. Kushika kola, Msimamizi anakuja. Kiganja kilicholala na kuteleza hewani, mtambo unaenda vizuri. Ile pamba tuliitoa baada ya wiki chache kwa sababu iliwasha kwa joto, na pia kwa sababu mfumaji mzuri alijua mtambo wake kwa sauti. Nilitaka kuwa mfumaji mzuri. Baada ya miaka mitatu niliweza kutambua kwa mlio tu kwamba mtambo wa nne unakaribia kukata uzi, na nikafika kabla haujakatika. Msimamizi aliwaleta wanafunzi kunitazama.

Nililipia sifa hiyo polepole. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimeolewa na nina mtoto wetu Wambui, nilianza kukosea kwenye kwaya. Nilikuwa naimba sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya aliponiambia nimeingia kabla ya wenzangu, nilimwambia nina mafua. Mafua hayo yalidumu mwaka mzima, halafu nikaacha kwenda mazoezini. Nyumbani nilianza kumkasirikia mume wangu kwamba ananong'ona. Hatimaye alinipeleka hospitali, na daktari wa masikio akanieleza kwa kuandika kwenye karatasi. Sauti nene nazisikia. Zile nyembamba, s na t na f na sh, zimeenda na hazitarudi. Ndiyo maana nilisikia watu wanaongea lakini maneno yao yalinifikia kama maandishi yaliyofutwa nusu ubaoni.

Nilikunja ile karatasi na sikumwonyesha mtu yeyote kiwandani. Niliomba tu kuhamishwa, nikasema miguu inaniuma, nikapelekwa chumba cha ukaguzi. Huko kitambaa hupitishwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, nawe unatafuta matundu, madoa na nyuzi zilizoruka. Macho yangu yalikuwa mazuri na kazi niliiweza. Kilichonishinda kilikuwa ukimya. Kwenye jumba la kufuma sote tulikuwa viziwi pamoja. Hapa wenzangu walipiga gumzo wakifanya kazi, wakacheka, nami nikacheka wakati usiofaa. Walifikiri naringa. Msimamizi wa Ukaguzi, mama mmoja mkali lakini wa haki, aliniambia siku moja, "Njoki, wewe una tabia ya kujibu swali ambalo sijakuuliza."

Nilijifunza kula peke yangu. Na kwa kuwa nilikuwa nakula peke yangu, siku moja saa ya chakula nilikwenda karakana ya umeme kuripoti balbu iliyoungua chini ya meza yangu. Fundi wa umeme alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Majengo, mpole, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haikumtoka kichwani. Alikuwa akila chapati huku redio yake ya kaseti ikicheza.

Nilisimama pale mlangoni, na kama kawaida yangu wimbo ukianza, nikakaza shingo kuyawinda maneno. Gita moja lilitangulia kwenye waya mnene, mkono ukipiga juu chini bila kupumzika, upesi sana. Sauti yake ilikuwa imelowa, sijui neno jingine. Kila mpigo ulikuja na maji yake, ukatiririka kidogo baada ya kupigwa. Ngoma zikafuata zikibingirika, gita la pili likajibu, kisha lile la kwanza likapanda na kushuka kama mtu anayekimbia mteremko na hataki kusimama. Nilingoja maneno. Hayakuja. Wimbo uliisha, na ndipo nikajua kwamba nimeusikia wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama alivyousikia Mzee Hamisi. Haikuwa imenitokea kwa zaidi ya miaka miwili.

"Mama Wambui," alisema, "kuna nini?"

"Irudishe mwanzo, Fundi."

"Umeipenda?"

"Irudishe tu."

Aliirudisha. Alinitazama nikifuta macho kwa ncha ya aproni, na kwa adabu yake akageuka kutafuta balbu.

Kaseti hiyo ilikuwa imeachwa na fundi mmoja mzungu aliyekuja kufunga mitambo mipya. Mzee Hamisi aliutambua muziki huo mara moja, kwa sababu ujanani alikuwa mpiga gita kwenye bendi ya hoteli na walikuwa wakipiga nyimbo za namna hiyo, gita tupu. Aliniambia huko ng'ambo unaitwa muziki wa sarfu, yaani wa vijana wanaosimama juu ya ubao na kuteleza kwenye mawimbi. Mimi sikuwa nimewahi kuiona bahari. Maji mengi niliyoyajua ni ya maporomoko ya mto Chania mvua ikinyesha, na hayo yalinitosha.

Tangu siku hiyo chakula changu nilikula karakana. Kaseti ilikuwa na nyimbo kumi na mbili, nikazijua kila moja. Nilimuuliza sauti inalowaje.

"Hiyo si maji," alisema. "Ni springi. Ndani ya amplifaya kuna springi imelazwa. Sauti inaingia upande huu, inatembea, inagonga mwisho, inarudi, inaenda tena. Ile inayotoka upande wa pili imechelewa kidogo. Ukiichanganya na sauti yenyewe, ndiyo unapata hivi."

Yeye bado alikuwa na gita lake nyumbani, na amplifaya ya zamani isiyo na springi. Alitamani sana kutengeneza boksi la springi la namna hiyo kwa mkono wake. Mkuu wa Karakana alitupa ruhusa ya kuchakura pipa la vyuma chakavu vya mitambo, akasema, "Chukueni. Msinieleze ni ya nini, nisije nikalazimika kuandika ripoti." Basi kila saa ya chakula tulijaribu springi. Upande mmoja Mzee Hamisi alifunga spika ndogo ya redio iliyokufa, upande wa pili kichwa cha sindano ya gramafoni. Springi za kwanza zilikuwa ngumu, gita likalia kama ndoo iliyopigwa teke. Nyingine zilipiga kelele zenyewe mtu akipita na toroli. Alikuwa akiniuliza, "Hii je?" nami natikisa kichwa. Kwenye wiki ya tatu nilimchagulia mbili ndefu nyembamba, zisizolingana urefu, nikamwambia azifunge pamoja. Alipiga waya mmoja tu. Sauti ikatoka imelowa, tukaisikiliza sote wawili mpaka ikaisha.

Ningependa kusema kwamba furaha hiyo iliniponya woga, lakini haikuniponya. Muda si mrefu baadaye Msimamizi wa Ukaguzi alipita nyuma yangu na kuniagiza nitoe roli ya kitambaa namba tisa iende kwa mteja. Sema tisa, kisha sema sita, halafu uziondoe s na t uone kinachobaki. Nilitoa sita. Roli hiyo ilikuwa na doa la mafuta lililojirudia kila hatua chache, na mteja, mshonaji wa sare za shule, aliigundua wakati ameshakata nusu. Alikuja mwenyewe kuirudisha, na alikuwa na haki ya kukasirika.

"Nilisema tisa," Msimamizi aliniambia mbele ya wote. Nikaambiwa nifike kwa Meneja wa Uzalishaji kesho yake asubuhi.

Mchana huo nilimwonyesha Mzee Hamisi ile karatasi ya daktari, wa kwanza kiwandani kuiona. Aliisoma polepole.

"Nikisema mimi ni kiziwi watanifukuza," nilimwambia.

Aligeuka anitazame usoni, kwa kuwa alikuwa ameshajua kwamba nasoma midomo. "Lakini wewe si kiziwi, Mama Wambui. Nani alichagua zile springi? Mimi na masikio yangu mawili sikujua tofauti. Waambie unachosikia na usichosikia. Basi."

Meneja wa Uzalishaji alikuwa mtu wa maneno machache. Aliisoma karatasi niliyompa, akainua faili, akaziba mdomo wake nalo, akasema neno moja. Kisha akalishusha.

"Nimesema nini?"

"Sita."

"Nimesema tisa." Aliitazama tena ile karatasi. "Umekuwa hivi kwa muda gani?"

"Miaka mitatu, bwana."

"Na hukusema."

"Niliogopa kupoteza kazi."

Alimwita Msimamizi wa Ukaguzi akamwambia mbele yangu, "Kuanzia leo hakuna namba ya roli inayotolewa kwa mdomo katika chumba hicho. Iandikwe ubaoni." Halafu akanigeukia. "Barua ya onyo utaipata. Ni kwa sababu ya kunyamaza. Si kwa sababu ya masikio."

Barua hiyo ninayo hadi leo na siionei aibu. Ubao ulitundikwa wiki hiyo hiyo, na Msimamizi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba hata wenye masikio mazima walikuwa wakikosea namba kabla ya hapo. Wenzangu walipojua sababu ya kucheka kwangu ovyo, walianza kunigusa bega kabla ya kuongea. Ni jambo dogo. Kwangu mimi lilikuwa kubwa kuliko kupandishwa cheo.

Desemba ile, kwenye sherehe ya kufunga mwaka, Mzee Hamisi alileta gita lake kantini, akaweka boksi letu la springi juu ya meza, na kijana wa idara ya kufunga bidhaa akaketi kwenye ngoma. Ilikuwa adhuhuri, vumbi la pamba likielea madirishani. Alipoanza kupiga, vijana wa ofisini walitazamana na mmoja akauliza kama maikrofoni imeharibika. Lakini kutoka nyuma walianza kuja wafumaji wa zamani. Hawa walikuwa watu ambao kwenye sherehe hukaa pembeni na soda zao, wakingoja mambo yaishe. Walikuja mmoja mmoja mpaka mbele kabisa. Nyambura, aliyenifundisha kufunga uzi mwaka wangu wa kwanza, aliweka kiganja juu ya amplifaya, akafumba macho. Kisha akanigeukia na kile kiganja akakitelezesha hewani. Mtambo unaenda vizuri. Nilicheza siku hiyo mpaka kiatu kikakatika mkanda.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini kiwanda kilianza kudhoofika. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni na kitambaa chetu kikakosa mnunuzi. Tulipunguzwa kidogo kidogo, na zamu yangu ilipofika niliomba kazi Ruiru, kwenye kiwanda cha kushona nguo za kupeleka nje. Mkuu wa Ubora aliponiuliza kama nina la kusema kabla hajaanza maswali, nilimwambia, "Ndiyo. Naomba uniangalie unapoongea, na namba uniandikie." Akahamisha kiti chake akae mbele yangu. Nilifanya kazi pale mpaka nilipostaafu, nikiwa mkaguzi mkuu wa laini mbili za ushonaji. Mzee Hamisi alikuwa amenirekodia kaseti yangu kabla hatujaachana, na mezani kwangu Ruiru saa ya chakula ilikuwa ikicheza. Wasichana wa cherehani walianza kwa kuicheka. Baadaye ikikosa kucheza walikuwa wakija kuuliza kama naumwa.

Vijana wa viwandani wakiniuliza ushauri nawaambia wavae vifuniko vya masikio hata vikiwasha, na mwili ukianza kuwaacha wamwambie mtu mapema. Hilo nililijifunza kwa kuchelewa. Lakini nikihesabu watu walionishika mkono, yule Meneja, yule Msimamizi mkali, Nyambura, na fundi mmoja wa Majengo aliyenirudishia wimbo mwanzo bila kuniuliza mara ya pili, naona nilibahatika kuliko nilivyostahili. Kazi ilichukua sehemu ya masikio yangu. Siwezi kuilaani, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka kwenye mlango ule wa karakana.

Siku hizi naishi Theta, na mjukuu wangu aliye chuoni huja wikendi. Tukiwa na wageni yeye hukaa karibu nami na kunirudia yaliyosemwa, kwa subira ambayo sijui aliitoa wapi. Jumamosi iliyopita alinitafutia kwenye simu yake nyimbo za gita ambazo sikuwahi kuzisikia, tukakaa nje barazani. Wimbo ulipoanza alinigeukia kwa mazoea, tayari kunieleza.

"Shosh, huyu..." alianza, kisha akanyamaza, kwa sababu wimbo haukuwa na neno la kunirudia. Akaegemea kiti. Tukasikiliza, yeye na mimi, sawasawa.